Apolo Kivebulaya: Mtu wa Kitabu Aliyevuka Semliki

Popote unaposhika gazeti hili la maadhimisho, ukiwa Bwera, Kasese, Kasindi, Beni au Bunia, nakusalimu kutoka Hamukungu, kando ya ziwa George, ambako mbele yetu kuna maji na viboko, na nyuma yetu kuna mbuga na simba. Wazee waliniomba niandike maisha ya mtu mmoja wa zamani ambaye anaweza kutufundisha sisi wa leo. Nilifikiria wengi. Mwisho nikarudi kwa Apolo Kivebulaya, na sababu yangu nitakuambia waziwazi, ingawa si sababu ya kujisifu.

Miaka michache iliyopita hapa kwetu viboko viliwasumbua sana wavuvi. Mitumbwi ilipinduliwa, watu wakaumia. Mimi nikapata wazo. Nikasema, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tushuke mwaloni na mafuta, tuombee mitumbwi na kuipaka. Lilikuwa wazo la huruma, Mungu anajua. Mwanzoni ilikuwa bure. Baadaye tukaweka kikapu cha kununulia mafuta. Baadaye tena kikapu kikawa na kiwango chake. Mwisho mtumbwi uliolipiwa ukawekwa alama ya rangi nyeupe mbele, ili tusiurudie mara mbili. Basi.

Halafu usiku mmoja baba mmoja, tena muumini, aliuawa na kiboko akiwa kwenye nyavu zake. Mtumbwi wake haukuwa na alama. Pale msibani, mama mjane alisikia kwa masikio yake watu wa kanisa wakinong'ona kwamba marehemu angelipa mafuta angekuwa hai. Hakurudi tena kanisani. Nilipokwenda kumwona, hakunitukana. Aliniuliza tu ni wapi katika Biblia Mungu aliweka bei hiyo. Sikuwa na jibu. Nina cheti cha chuo cha Biblia, kimetundikwa ukutani, na sikuwa na jibu.

Ndiyo maana nilianza kutafuta jinsi wale waliotutangulia walivyofanya. Na katika nchi yetu hii ya pande mbili za mpaka, aliyetutangulia ni Apolo. Twende naye pole pole.

Mtoto pacha wa Singo

Apolo alizaliwa karibu mwaka 1864 huko Singo, Buganda. Alikuwa pacha, ndiyo maana jina lake la kwanza lilikuwa Waswa. Alikulia katika desturi za baba zake, kisha kwa muda akafuata Uislamu, kama vijana wengi wa wakati ule ambao Buganda ilikuwa imejaa walimu wa dini mbalimbali wakigombea masikio ya watu. Akasikia pia mafundisho ya Alexander Mackay, yule mmisionari fundi wa vyuma na mchapaji, ambaye alichapa sehemu za Maandiko kwa Kiganda kwa mikono yake. Yale maneno yalimkaa moyoni, lakini safari yake haikuwa ya siku moja. Vita vya dini vilitokea Buganda kati ya 1888 na 1892, watu wakauana kwa majina ya dini zao, na yeye aliyaona hayo yote kabla hajabatizwa.

Alibatizwa mwaka 1895, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi. Akachukua jina la Apolo. Msomaji wangu, fungua Matendo ya Mitume sura ya 18 umwone Apolo wa kwanza. Alikuwa Myahudi wa Aleksandria, hodari katika Maandiko, mwenye bidii ya roho, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na Akila wakamchukua kando wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Naye akakubali. Mhubiri hodari akakubali kusahihishwa na fundi wa mahema na mke wake! Jina hilo ni zito kulibeba. Ukilichukua, umekubali kwamba bidii peke yake haitoshi.

Na Kivebulaya je? Hilo ni jina la utani. Alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi pamoja na kanzu yake, na watu wakamwita kwa sababu ya ile nguo iliyotoka Bulaya, yaani Ulaya. Koti kweli lilitoka Ulaya. Lakini utaona mbele kwamba alichopeleka Mboga hakikuwa koti.

Watu walioitwa wasomaji

Kabla hatujavuka Semliki, nataka uelewe kanisa lililomtuma. Wakati ule, Uganda, mtu akiokoka hawakusema ameingia dini. Walisema anasoma. Wakristo waliitwa wasomaji. Mtu aliyetaka ubatizo kwa kawaida alipaswa kwanza kujifunza kusoma Injili mwenyewe, isipokuwa mzee sana au kipofu. Mwaka 1896 Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa tayari, kazi ya George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta, Mganda. Ilichapwa nyembamba na nene, ya kuingia ndani ya kopo la biskuti, ili mchwa na wadudu wasiile. Watu wakaiita Biblia ya biskuti. Wazee wetu walikuwa na nyumba za nyasi zinazovuja, lakini Neno waliliwekea kopo la bati.

Sasa hapo utaniuliza, na ni swali zuri: ni andiko gani linalosema mtu asibatizwe mpaka ajue kusoma? Hakuna. Yule towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa anasoma garini, ni kweli, lakini mlinzi wa gereza wa Filipi katika Matendo 16 alibatizwa usiku uleule, na hatuambiwi kama alijua hata herufi moja. Kwa hiyo sheria ile ilikuwa wazo la watu, tena wazo jema. Na kwa muda ilizaa matunda mengi, maana ilimpeleka mtu wa kawaida kwenye Kitabu badala ya kumwacha mikononi mwa mwalimu. Hata hivyo ilikuja kuleta shida yake, na shida hiyo nitakuonyesha. Ishike tu moyoni kwa sasa.

Kuvuka kwenda Mboga

Mwaka uleule wa 1895 Apolo alitumwa Toro. Huku magharibi palikuwa pagumu. Hapo Katwe jirani yetu, penye chumvi, Kapteni Lugard alikuwa amejenga ngome mwaka 1891, na bunduki na chumvi ndizo zilizoongea kwa sauti kubwa. Mfalme Kasagama wa Toro aliupokea ujumbe, akabatizwa mwaka 1896 kwa jina la Daudi. Na mwishoni mwa mwaka huo Apolo akavuka kwenda Mboga.

Wewe uliyepita njia ya Bundibugyo unaijua nchi ile. Unazunguka Rwenzori upande wa kaskazini, unashuka bondeni kwenye joto, unavuka mto Semliki, halafu unapanda tena hadi Mboga, na mbele yako unaanza msitu mkubwa wa Ituri. Walimu wawili walikuwa wamemtangulia, nao wakaondoka kwa njaa. Chifu Tabaro hakuhitaji kuwapiga. Alizuia tu watu wasiwape chakula.

Apolo alipofika alishika jembe. Alilima chakula chake, akajenga, akafundisha kusoma. Tabaro alimkasirikia hasa kwa sababu alihubiri juu ya pombe na juu ya wingi wa wake, mambo ambayo yalikuwa ndiyo heshima ya chifu. Apolo alipigwa. Nyumba yake ilichomwa. Halafu ikatokea ajali mbaya, dada yake Tabaro akafa kwa kuangukia mkuki, na Apolo ndiye aliyeshtakiwa kwa kifo chake. Akapelekwa kama mfungwa hadi Fort Portal, akavuka tena Semliki safari hii akiwa mtuhumiwa wa kuua. Akakaa gerezani, mpaka ikaonekana hana hatia, akaachiliwa.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi ningeomba wazee wanipangie kituo kingine. Apolo alirudi Mboga. Akarudi kwa watu walewale, chifu yuleyule. Na Tabaro, yule aliyewanyima walimu chakula, mwisho akaamini akabatizwa, akaitwa Paulo.

Katika siku za taabu kule, Apolo alisimulia kwamba Kristo alimtokea usiku, akamtia moyo aende akahubiri mpaka msituni, kwa kuwa yuko pamoja naye. Sisi Wapentekoste tunapenda habari kama hizo, na mimi pia nazipenda. Lakini angalia alichokifanya na ono lile. Hakuligeuza kuwa amri kwa wengine. Hakusema kila mwinjilisti lazima aote ndoto kama yake, wala hakuweka siku ya kuikumbuka ndoto na sadaka yake. Aliambiwa kitu ambacho Mathayo 28 ilikuwa imekwisha kusema, akainuka akaenda. Ndoto ilimsukuma kulitii Neno. Haikukaa kwenye kiti cha Neno.

Alichojiwekea mwenyewe na alichowawekea wengine

Askofu Tucker alimweka kuwa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi alitumika Toro, akitembea kwa miguu, akifungua makanisa na kuandaa walimu. Katika utumishi wake aliishi bila mke. Kwa mtu wa wakati ule, katika nchi ambayo mtu asiye na watoto alionekana kama mti mkavu, hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini alifanya kazi pamoja na walimu wenye wake na watoto, na nadhiri yake haikuwa kipimo cha utakatifu wao. Ndivyo anavyofundisha Paulo katika 1 Wakorintho 7: kwa jambo ambalo hana amri ya Bwana, anasema wazi kwamba hana amri, anatoa shauri lake tu.

Mtumishi mwenzangu unayesoma hapa, hapo ndipo sisi wengi tunaanguka. Mimi nikifunga siku kumi na moja na Mungu akanibariki, kesho natangaza kanisa zima wafunge siku kumi na moja. Dada mmoja akijisikia vizuri kuomba akiwa na kitambaa cheupe, mwaka ujao asiye na kitambaa cheupe anatazamwa vibaya. Kitu cha mtu binafsi na Mungu wake kinageuka kuwa sheria ya kanisa, na hakuna anayekumbuka kilianza wapi.

Wakati wenye aya walipopotea

Sasa nakurudisha kwenye ile shida niliyokuambia uishike. Mwaka 1914 Buganda ilitikiswa na watu walioitwa Abamalaki, kwa jina la mwalimu wao Malaki Musajjakawa, pamoja na chifu mkubwa Joswa Kate Mugema. Hawa hawakuwa watu wa kuchekwa. Waliisoma Biblia. Waliona makanisa yanawachelewesha watu kubatizwa miaka na miaka kwa sababu ya masomo, wakauliza andiko liko wapi. Wakaanza kubatiza watu bila masharti hayo, na maelfu kwa maelfu wakawafuata, wakaenea hata huku Toro. Katika swali lile, niseme ukweli, walikuwa na hoja. Wazo jema la wanadamu lilikuwa limegeuka kuwa mlango uliofungwa.

Lakini watu hao hao walikataa dawa zote na chanjo, wakisema dawa ni sawa na uchawi, na kwa hilo pia walitoa aya. Walizishika zile zinazolaumu waganga na dawa zisizofaa, wakaziacha zile ambapo Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, au Paulo anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, au Luka anayeitwa tabibu mpendwa. Mwisho wakagongana na serikali, na viongozi wao wakapelekwa uhamishoni mwaka 1929.

Mimi najifunza mambo mawili hapo, wewe pia yapime. La kwanza, kanisa likiweka sharti ambalo Mungu hakuweka, hata kwa nia njema, mtu atatokea siku moja kuuliza andiko, na atawachukua watu. La pili, kuwa na aya si sawa na kuwa na Maandiko. Aya moja iliyokatwa na kubebwa mfukoni iliweza kuua mtoto kwa ndui. Ukisema nina andiko, lete pia na yale mengine yanayolizunguka.

Mpaka unahama, kazi haihami

Mwaka 1910 Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani walikubaliana mipaka yao huku kwetu. Hakuna mzee wa Mboga aliyeulizwa, kama ambavyo hakuna Mkonzo wala Mnande aliyeulizwa kuhusu mto Lubiriha pale Mpondwe. Ndugu wakalala Uganda, wakaamka wengine wakiitwa watu wa Kongo. Mboga ikawa upande wa Wabelgiji. Wengi wangesema, basi hiyo si sehemu yetu tena. Apolo alirudi Mboga, akaifanya kuwa nyumbani mpaka kufa. Ushirika wetu unaovuka mpaka kila mwezi na Biblia mkononi na kitambulisho mfukoni, huyu ndiye babu yetu.

Kuanzia mwaka 1921 akaanza kuwafuata Wambuti ndani ya msitu. Majirani wengi waliwadharau, wakawahesabu kama nusu watu. Apolo aliingia kwao, akakaa nao, akajifunza maneno yao. Akafasiri Injili ya Marko katika lugha yao. Mwaka 1922 Namirembe walimpa heshima ya kanoni, lakini heshima hiyo haikumtoa msituni.

Ona jambo hili. Mzee wa karibu miaka sitini, mwenye jina kubwa, angeweza kuwapelekea Wambuti vitu vingi. Angeweza kuwapa hirizi za Kikristo, kamba za kufunga mkononi wanapokwenda kuwinda, maji ya kunyunyiza kwenye nyavu zao za kunasia wanyama. Wangepokea haraka, maana hayo waliyajua. Yeye aliwapelekea Injili ya Marko.

Na ndani ya Marko kuna sura ya 7. Pale Mafarisayo wanamlaumu Yesu juu ya kunawa mikono, na Bwana anawageuzia swali juu ya korbani. Ilikuwa desturi nzuri kabisa kwa kuitazama: mtu anaweka mali yake wakfu kwa Mungu. Nani atapinga mtu kumpa Mungu? Lakini baba yake na mama yake wenye njaa walipokuja, aliwaambia mali hii ni ya Mungu siwezi kuwapa. Bwana akasema kwa namna hiyo wamelitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Kumbe kipimo cha desturi si uzuri wa wazo lililoianzisha. Kipimo ni hiki: baba na mama wamekula? Mnyonge amepona, au ameumizwa kwa jina la Mungu?

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nilimwona yule mjane wa mwaloni. Nikafunga kitabu nikalia.

Kichwa kuelekea magharibi

Apolo alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Lakini kuna jambo la mwisho ambalo watu wa kule bado wanalisimulia. Ilikuwa desturi Mkristo azikwe kichwa kikielekea mashariki. Desturi ina wazo lake zuri, la kungoja ufufuo. Apolo aliagiza yeye alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, ambako kazi ya Injili ilikuwa haijamalizika.

Hakuwatukana waliozikwa kwa mashariki. Hakusema kila mtu sasa azikwe kwa magharibi. Alijua tu kwamba mashariki na magharibi ya kaburi ni desturi ya watu, na amri ya kwenda ulimwenguni kote ni ya Bwana. Desturi ilipokutana na amri, desturi ilisogea kando. Na mbegu yake ilimea. Mboga ndipo lilipoanzia kanisa la Anglikana la Kongo, na mwaka 1972 pakawa na askofu wake. Sisi si Waanglikana, lakini Neno lililopita katika nchi hii lilipita kwa miguu ya mzee huyo.

Sasa sisi je?

Usinielewe vibaya, msomaji. Sisemi tutupe kila kitu kisichotajwa kwa jina katika Biblia. Hakuna aya ya ngoma ya kuitia watu, wala ya spika, wala ya saa nne asubuhi Jumapili, wala ya gazeti la maadhimisho kama hili. Apolo naye alijenga kanisa la nyasi bila kutafuta aya ya nyasi. Vitu hivyo ni vyombo. Leo vipo, kesho vikibadilika hakuna aliyetenda dhambi.

Na mafuta yenyewe yana andiko. Yakobo 5 inawaambia wazee wampake mgonjwa na kumwombea. Lakini tazama: ni mgonjwa, aliyewaita wazee, kwa maombi ya imani, bila malipo. Hapo hakuna mtumbwi, hakuna alama ya rangi, hakuna bei. Mimi nilichukua kitu chenye andiko nikakinyoosha mpaka kikakatika. Wana wa Israeli walifanya hivyo na nyoka ya shaba. Mungu mwenyewe aliiagiza katika Hesabu 21, ikaponya watu. Miaka mingi baadaye walikuwa wanaifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja vipande, 2 Wafalme 18. Kama hata kitu alichoagiza Mungu kinaweza kufikia pa kuvunjwa, je, kile nilichokibuni mimi Jumatatu mwaloni?

Kuna ndugu wanaoniambia niache, kwamba nia yetu ilikuwa njema na Mungu hutazama moyo. Nia ya Uza ilikuwa njema pia alipolishika sanduku lisianguke, 2 Samweli 6. Shida ilianza kabla ya mkono wake. Ilianza pale waliposahau jinsi Mungu alivyosema sanduku libebwe mabegani, wakalipakia kwenye gari jipya zuri.

Kwa hiyo kwa kila jambo tunalolifanya katika matawi yetu, iwe maji, mafuta, vitambaa, mbegu za pesa, au siku za kufunga zenye masharti, mimi najiuliza maswali matatu, nawe nakuomba ujiulize. Je, jambo hili linaahidi kitu ambacho Mungu hakuahidi? Je, linadai kitu ambacho Mungu hakudai? Na je, asiyeweza kulifanya, maskini, mgonjwa, mjane, anaondoka akiwa na hatia ambayo Mungu hakumwekea? Likijibu ndiyo hata mara moja, lisogee kando, hata kama mwanzilishi wake ni mchungaji tunayempenda. Hata kama ni mimi.

Hapa Hamukungu tumeacha ile Jumatatu. Nilisimama mbele ya kanisa nikasema kosa ni langu, nikamwendea mjane nyumbani kwake na wazee wawili tukaomba msamaha. Alama nyeupe tulizifuta wenyewe kwa mikono yetu, tukawaambia wavuvi wazi kwamba tutawaombea kila siku bure, na kwamba jaketi la kuokolea maisha si upungufu wa imani. Wengine wamekasirika. Wawili watatu wamehamia mahali ambapo mafuta bado yapo. Yule mama bado hajarudi kanisani, sitakudanganya. Lakini Jumapili iliyopita watoto wake walikuja.

Najua desturi ile ilikuwa imeshavuka Lubiriha, na baadhi ya matawi upande wa pili wanaifanya kwa magari na pikipiki. Ilitoka kwangu. Ndiyo maana nimeandika, ili habari hii ivuke mpaka kama ile ilivyovuka. Wazee watakapokaa kwenye maadhimisho haya, naomba jambo hili liwekwe mezani, na Biblia iwe imefunguliwa pale.

Mungu akubariki wewe unayesoma, na nyumba yako, na tawi lako. Amina.